Wayahudi wa Kisiwani

Katika mdahalo wetu wa muhula huu mwenzetu mmoja alisema kwamba watu wasio na nchi wala mfalme si taifa, na makofi yakapigwa mengi. Mimi sikubaliani naye, na ushahidi wangu ni Wayahudi.

Wengi wetu, Waislamu kwa Wakristo, tumefundishwa tangu utoto kuanzia kwa Ibrahimu, nami simkatazi mtu imani yake. Lakini jina "Myahudi" halitoki kwa Ibrahimu. Maana yake ni mtu wa Yuda, ufalme mdogo wa kusini ambao mji wake mkuu ulikuwa Yerusalemu. Ufalme wa kaskazini, Israeli, ulikuwa mkubwa zaidi. Waashuri wakauvunja yapata mwaka 722 K.K., na watu wake waliohamishwa wakapotea kati ya mataifa. Yuda nao ukavunjwa na Wababeli yapata mwaka 586 K.K., hekalu likachomwa moto, wakubwa wakachukuliwa mateka. Lakini hawa hawakupotea. Kwa nini?

Wengi hujibu kwamba kitabu ndicho kilichowaokoa. Ni jibu zuri, ila halitoshi. Hebu tutazame bara letu wenyewe. Katika kisiwa cha Elephantine, ndani ya mto Nile karibu na Aswan, waliishi askari wa Kiyahudi waliowatumikia wafalme wa Uajemi. Barua zao, na hati zao za ndoa na za nyumba, zilizoandikwa kwa Kiaramu juu ya mafunjo katika karne ya 5 K.K., zimepatikana huko. Humo Musa hatajwi hata mara moja, wala hakikuonekana kipande cha Torati. Tena katika orodha moja ya michango, fedha nyingine zimetengwa kwa miungu mingine! (Mwalimu wetu wa dini angewatoa nje ya darasa.) Hata hivyo waliijua Sabato na Pasaka, waliwapa watoto majina yenye jina la Mungu wao ndani yake, na katika hati nyingi huitwa Wayahudi.

Mwaka 410 K.K. hekalu lao, lililokuwapo tangu kabla ya Waajemi kuingia Misri mwaka 525 K.K., lilibomolewa kwa fitina ya makuhani wa Khnum, mungu wa Kimisri. Wakavaa magunia, wakafunga, wakaacha mafuta na divai. Walikuwa wamekwisha kumwandikia kuhani mkuu wa Yerusalemu, asiwajibu. Mwaka 407 K.K. wakamwandikia liwali wa Yuda. Basi nauliza: watu ambao babu zao walikaa Misri, wana kazi na nyumba zao huko, wamlilie mkuu wa Yuda kwa sababu gani, kama si taifa?

Safari hii jibu lilikuja. Hekalu lijengwe, na unga na ubani vitolewe humo kama zamani. Sadaka za kuteketezwa, walizoziomba pia, hazikutajwa. Nadhani Yerusalemu ilikuwa imeanza kuwaambia Wayahudi wa mbali namna ya kuwa Wayahudi.