Fonti nene za duara: jina sawa, bei hapana

Wadau, leo niseme kuhusu zile herufi nene zenye ncha za duara ambazo kila muuza mchele hapa Kagongwa kazibandika kwenye tangazo lake. Fredoka, Baloo, Nunito ile nene. Mimi nazipenda na bado nazitumia. Ila zilishanikosesha mauzo.

Nilipost mchele kilo 2,300. Fonti nene balaa, nikaongeza kivuli, nikazungushia mstari mweupe, nikajiona mtaalamu. Siku tatu kimya. Mteja wangu wa Geita, ambaye huwa haulizi mara mbili, akachukua kilo 300 kwa jirani kwa 2,500. Nikampigia kumuuliza kulikoni, akanijibu, "Kaka, si umepandisha hadi 2,800?" Nikafungua stetasi yangu mwenyewe kwenye simu ndogo ya dukani. Kweli bwana, ile 3 imeziba mdomo, imekuwa 8.

Tatizo lenyewe ni hili. Herufi ikinenepa, wino unakula nafasi ya ndani. Matundu ya a na e yanabana, midomo ya 3 inakaribia kufunga, 6 na 9 zinafanana na 8. Ukiongeza kivuli ndiyo unamalizia kabisa. Halafu WhatsApp nayo inapunguza ubora wa picha. Kwenye Canva unaiona kubwa na safi, mteja anaiona kwenye kioo kilichopasuka, juani, machimboni.

Na hapo juani ndipo fonti hizi zinapofaa, tuwe wakweli. Neno MCHELE likiandikwa nene na kubwa linaonekana hata mtu akipitisha stetasi haraka haraka. Umbo la duara halina ukali, linaendana na chakula, nguo za watoto, keki, sabuni. Hata kwenye kiroba, jina nene linakaa vizuri kuliko herufi nyembamba zinazopotelea kwenye nyuzi. Wanaosema ni fonti za kitoto sikubaliani nao: Volkswagen walitengenezewa yao, VAG Rounded, mwaka 1979, na Apple wakaja kuitumia kwenye kibodi za kompyuta zao kwa miaka.

Kwa hiyo mimi sasa hivi jina la bidhaa naliandika kwa hiyo nene, maneno mawili matatu basi. Bei naiandika kubwa zaidi ya jina, lakini kwa unene wa kati, bila kivuli wala mstari wa pembeni. Nunito inakupa unene tofauti tofauti ndani ya fonti ileile, kwa hiyo tangazo halichanganyi sura. Masharti ya kutuma mikoani usiyaandike kwa nene hata siku moja, hakuna atakayeyasoma. Zote tatu nilizotaja zinapatikana bure Google Fonts, na kwenye biashara unaruhusiwa kuzitumia.

Kabla ya kupost, jitumie picha kwenye simu mbovu kuliko zote hapo nyumbani, nyoosha mkono, msomeshe mtu ambaye hajui bei yako. Akisita kwenye tarakimu hata moja, rudi kabadilishe.

Namba ya simu iachie nafasi kila tarakimu tatu. Na wewe unayeandika njano juu ya nyeupe, kesi yako naileta wiki ijayo.