Kabla ya Kufagia Stoo, Tujue Vya Nani



Mwezi wa Shaaban ukiingia huwa ninajua bila ya kutazama kalenda, kwani viroba huanza kuonekana mlangoni pa ofisi ya kamati. Watu husafisha majumba yao kuupokea mwezi wa Ramadhani, jambo jema la kupongezwa, na kila kilichowashinda kukitupa hukileta msikitini kwa nia ya sadaka: godoro lililobonyea katikati, viatu vya mguu mmoja, feni isiyozunguka. Katibu hupokea, hushukuru, huandika daftarini. Jioni, mimi na muadhini hukodi mkokoteni tukavipeleka jalalani, na ujira wa mkokoteni hutoka katika mfuko wa msikiti. Suratul Baqara, aya ya 267, imetukanya tusitoe vile ambavyo sisi wenyewe tukipewa tungevipokea shingo upande. Hayo nilikwisha kuyasema mimbarini, na sikushika kalamu wiki hii ili kuyarudia.

Mwaka jana zamu ya kusafisha ilikuwa yetu. Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa seremala, na tangu alipofariki chumba chake kilifungwa kwa miaka mitatu. Mama hakupenda kiguswe, nasi tulimstahi. Wajukuu watano wakawa wanalala ukumbini juu ya mkeka, ilhali chumba kizima kimekaliwa na makoti. Shaaban ilipofika dada yangu mkubwa akasema: "Tukifungue, nguo zote ziende msikitini, thawabu zimfikie mwenyewe." Mama akaridhia. Nami, niliyesomeshwa elimu ya mirathi chuoni na ninayeitwa na majirani kuwapigia hesabu za mafungu, niliona ni fikra njema, nikaenda kutafuta viroba.

Tulikuwa tumeshajaza viwili ndipo mdogo wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 12, alipoiokota kofia ya viua ya marehemu, akaniuliza: "Kaka, na mimi nina fungu humu?"

Niliona haya, ndugu msomaji. Kila alichokiacha maiti, kuanzia nyumba hadi kijiko, ni tirka. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki hugawanywa kwa warithi kama ilivyoelezwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mrithi hana ruhusa ya kuitolea sadaka sehemu ya mwenziwe pasi na ridhaa yake. Na mtoto ambaye hajabaleghe, hata akisema "toeni", ridhaa yake haihesabiwi. Basi vile viroba viwili nilivyovifunga kwa mikono yangu, nikitarajia thawabu, vilikuwa na mali ya yatima ndani yake, na yatima mwenyewe amesimama mbele yangu.

Tukavimimina chini. Tukakaa wote, na ami yetu akaitwa kumsimamia mtoto, tukaanza kuandika kitu kimoja kimoja: kanzu 12, redio, saa, cherehani ya mguu, randa na misumeno. Uvunguni mwa kitanda zilitoka sufuria nne kubwa zenye herufi za rangi kwenye vitako, tena herufi si zetu. Mama alizitambua mara moja. Ziliazimwa kwa jirani siku ya arusi ya dada, na mwenyewe alikwisha kuchoka kungoja, akanunua nyingine.

Katika mfuko wa koti mlikuwa na kidaftari. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jina la muuza mbao wa mtaa wa pili, mbao za mninga, na salio la shilingi 240,000. Tulipomwendea, mzee yule alituambia kwamba hakulisahau deni lile. Alilikumbuka kila apitapo mbele ya nyumba yetu, ila aliona vibaya kuwadai wafiwa. Tuliuza redio na zana za useremala, tukamlipa. Alizihesabu mbele yetu, akazitia mfukoni. Miaka mitatu tulikuwa tukimwombea baba kila baada ya swala, na deni lake linaning'inia ukutani kwenye koti ambalo hatukutaka liguswe kwa sababu ya mapenzi.

Baada ya hapo ndipo tukagawa. Mama, katika thumuni yake, alichagua kanzu moja na mswala. Cherehani ilihesabiwa katika fungu la dada. Nguo nyingine tulizinunua sisi wakubwa kwa bei aliyoikadiria muuza mitumba, fungu la mdogo wetu likakabidhiwa ami kwa maandishi, nasi tukatoa sadaka kilichokuwa chetu. Kazi iliyokuwa imalizwe asubuhi moja ilichukua siku nne.

Kwa vitu vya walio hai jambo ni jepesi zaidi, ingawa nasi tuna udhia wetu wa kusema akiba haiozi huku nondo wanakula. Mama ambaye kitinda mimba wake yuko sekondari ana haja gani na nguo za uchangani? Ila kabla ya kutoa kitu cha mtu, hata mtoto wako, muulize. Misahafu iliyochakaa isichanganywe na viroba. Iletwe peke yake ili ifukiwe mahali safi. Na mkifika chini ya sanduku mkakuta kifuko cha herini zilizovunjika na mikufu isiyovaliwa, kipimeni. Mapambo yanayovaliwa, katika madhehebu yetu ya Kishafii, hayatolewi zaka. Dhahabu iliyowekwa tu kama hazina, ikifikia gramu 85 na kutimiza mwaka, ina zaka yake.

Stoo ya msikiti itapokea vitu kila Jumamosi baada ya Alasiri hadi mwisho wa Shaaban. Daftari la mapokezi nimelichorea safu mpya: "Ni cha nani? Kama ni cha marehemu, je, deni limelipwa na warithi wote wameridhia?" Wapo waliosoma safu hiyo wakageuka na viroba vyao, na mmoja alirudi wiki iliyofuata na kiroba kidogo zaidi. Feni zisizozunguka, tafadhali, zipitieni kwa fundi kwanza.