Viwanja vya Nane Nane: Shamba la Wiki Moja

Kila Agosti, mashamba ya Dodoma yakiwa yamebaki mabua makavu na ng'ombe wakipita kujiokotea, viwanja vya Nzuguni huwa vya kijani. Mahindi yamebeba, mchicha umenawiri, nyanya zimening'inia kwenye kamba. Watu wanazunguka vipando, wanapiga picha, wanauliza jina la mbegu, wanaondoka. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja: huanza Desemba hivi, ikifika Aprili imekatika. Kijani cha Agosti ni cha mpira wa maji.

Themi mjini Arusha, John Mwakangale kule Mbeya na Ngongo mkoani Lindi nako maonyesho ya wakulima ya Nane Nane hufikia kilele tarehe 8 Agosti, kisha mabanda hufungwa. Wito wa kuvitumia viwanja hivi mwaka mzima umetolewa mara nyingi. Swali lililobaki ni nani aingie humo na jembe. Jibu la haki ni wakazi wa mitaa ya jirani: wagawiwe vijishamba vya kulima kwa msimu, afisa ugani akiwa nao.

Sababu iko kwenye udongo wenyewe. Mbegu chotara inaweza kuonyeshwa kwa siku nane, lakini rutuba haionyeshwi hivyo. Chukua lundo la mboji. Majani makavu yanatandazwa, juu yake samadi, kisha majani mabichi, udongo kidogo, maji, na tabaka zinarudiwa hadi lundo lifike kiunoni. Fimbo inachomekwa katikati. Baada ya siku chache inachomolewa na kushikwa: ikiwa ya moto, mboji inaiva, ikiwa baridi na kavu, lundo limekosa maji. Mkono uliowahi kushika fimbo hiyo hauhitaji kipeperushi. Kazi ile huchukua miezi, na matokeo yake shambani huonekana msimu unaofuata.

Shamba darasa lilianza kwa kuelewa jambo hilo. Huko Indonesia mwaka 1989, wakulima wa mpunga walikutana shambani kila wiki, tangu kupanda hadi kuvuna, wakihesabu wadudu waharibifu na wale wanaowala kabla ya kuamua kama dawa inahitajika. Mbinu hiyo ilipofika Afrika Mashariki ilibaki na sharti lake: msimu mzima, shamba lile lile.

Hofu zipo, na baadhi ni za kweli. Tanzania ina kumbukumbu chungu ya mashamba ya kufundishia. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya somo; katika shule nyingi likaishia kuwa adhabu. Umechelewa namba? Kamata jembe. Mavuno yalikokwenda, mwanafunzi hakuambiwa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza iwe wazi: anayelima ndiye anayevuna, na anapika kwake. Ya pili ni muda. Hakuna atakayejaza samadi kwenye ardhi anayoweza kunyang'anywa kabla ya maonyesho yajayo ili banda la mdhamini lipate nafasi. Miaka mitatu ya uhakika ni kiwango cha chini.

Maji ndiyo pingamizi zito zaidi, hasa Nzuguni. Lakini ukame ndio somo ambalo Dodoma inalihitaji, na walimu wake wako mkoani humo humo. Mashimo ya Chololo yamepewa jina la kijiji cha Dodoma: shimo la kina cha sentimita kama 30, samadi na mabaki ya mazao chini, mbegu juu, maji ya mvua yakibaki pale pale. Kisiki hai, ufundi wa kupogolea machipukizi ya visiki vya miti ya asili hadi yawe miti tena, nao unafanywa vijijini mkoani humo. Haya yanastahili eneo kubwa kuliko trekta jipya linalong'aa.

Vibao vya vipando leo hutaja aina ya mbegu na kampuni. Vya wakazi vingetaja tarehe ya kupanda, siku mvua ilipokatika, na debe ngapi zilivunwa, hata kama ni nusu. Mkulima wa Kongwa akisimama mbele ya kibao kama hicho, na mwenye kipando yupo kando yake, maswali hayatakuwa ya jina la mbegu tu.