MAMA NA MTOTO: Mlaze Chali



Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alikuja kunihudumia. Alinipikia uji na mtori, alimwogesha mtoto, nami nikapumzika. Lakini kila alipomlaza mtoto, alimlaza kifudifudi na kumfunika blanketi zito hadi kichwani. "Akilala chali akacheua, atapaliwa," aliniambia. Nilinyamaza. Ningebishanaje na mama aliyelea watoto saba?

Usiku mmoja nilishtuka usingizini. Nilipofunua blanketi nilimkuta mwanangu amelowa jasho, uso umezama katika mto, anahema kwa shida. Namshukuru Mungu kwamba niliamka.

Mama mkwe hakuwa mzembe. Kwa miaka mingi hata huko Ulaya na Marekani wataalamu walifundisha kumlaza mtoto kifudifudi. Baadaye iligundulika kwamba watoto waliolazwa hivyo walikufa ghafla usingizini zaidi ya wenzao. Uingereza ilianza kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994. Katika miaka iliyofuata, vifo hivyo vilipungua kwa nusu hivi au zaidi.

Je, hatapaliwa?

Mtoto alalapo chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula. Maziwa yakirudi, huelekea chini, naye huyameza au huyatema. Akilala kifudifudi, njia ya hewa ndiyo inayokuwa chini. Kumlaza kwa ubavu nako si salama, kwani hugeuka kifudifudi kwa urahisi.

Yazingatie haya

1. Mlaze chali kila mara, usiku na mchana, hadi atimize mwaka mmoja. Akishaweza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, mwanzishe chali, kisha mwache alale apendavyo.

2. Godoro liwe gumu kiasi na tambarare. Ondoa mito, mashali na blanketi zito. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro, kisimwangukie usoni.

3. Usimvishe kupita kiasi. Mkono wake kuwa baridi si dalili kwamba anaona baridi. Mguse kifuani au shingoni nyuma. Ndani ya nyumba mvue kofia.

4. Alale chumba chenu kwa miezi sita ya kwanza walau, mahali pake mwenyewe ikiwezekana. Kama kitanda ni kimoja tu, asilale katikati ya baba na mama, wala pamoja na ndugu zake. Asilale nanyi kabisa ikiwa mmoja wenu amekunywa pombe, anavuta sigara au ametumia dawa ya kulevya usingizi, au ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo.

5. Usinyonyeshe ukiwa umeketi kwenye kochi huku unasinzia. Hapo ni hatari kuliko kitandani.

6. Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kama ni Julai na baridi ni kali. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo yaweza kuua nyumba nzima usingizini.

Tena, endelea kumnyonyesha. Maziwa ya mama nayo hupunguza hatari ya kifo cha ghafla.

Waeleze wote wanaomlaza

Mama, haitoshi wewe kujua peke yako. Mtoto aliyezoea kulala chali, siku akilazwa kifudifudi na mtu mwingine, huwa katika hatari kubwa zaidi. Mweleze baba, msichana wa kazi, shangazi na jirani unayemwachia.

Na bibi je? Mimi sikuthubutu kumkosoa. Nilimwomba anisindikize kliniki, kisha nikamwuliza muuguzi swali lile mbele yake, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua. Muuguzi alitueleza wote wawili kwa upole. Njiani mama mkwe alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Kumbe wale saba Mungu alinilindia tu!"

Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza, "Mtoto amelazwaje?" Wajukuu wake wote waliofuata aliwalaza chali kwa mikono yake mwenyewe.