Simu Moja kwa Nyumba Nzima



Watoto wetu wa leo hawajui maana ya kungoja zamu ya simu. Sisi tunaijua. Tunakumbuka simu ya mezani iliyotiwa kufuli dogo, na ufunguo ukiwa mfukoni mwa baba. Mwezi huu tuzitazame familia za Marekani, ambazo katika miaka ya 1980 zilikuwa na simu moja kama sisi, kisha akaingia mgeni wa kuigombea: kompyuta ya nyumbani.

Habari yenyewe ilianzia Chicago. Januari 1978 theluji nyingi iliwafungia watu majumbani. Ward Christensen na Randy Suess, wanachama wa chama cha wapenda kompyuta, wakaanza kutengeneza ubao wa matangazo ndani ya kompyuta. Ulifanana na ule wa kubandika vikaratasi ukutani: mmoja anaacha ujumbe, mwingine anausoma baadaye na kujibu. Ulianza kazi tarehe 16 Februari 1978. Aliyetaka kuusoma aliipigia simu kompyuta hiyo kwa modemu, yaani chombo kinachogeuza maandishi kuwa sauti ili yapite katika waya wa simu.

Waya wenyewe ulikuwa mmoja. Aliyepiga wakati mwenzake yumo alikuta simu inatumika, akangoja. Herufi nazo zilikuja kama 30 kwa sekunde, polepole kiasi cha kuzifuata kwa macho. Christensen huyo huyo alikuwa ametunga mwaka 1977 utaratibu wa kupeleka mafaili, uitwao XMODEM. Faili hukatwa vipande vidogo vya baiti 128. Kila kipande kikifika salama, kompyuta ya pili hujibu kwamba imepokea. Kikiharibika njiani, hurudiwa. Haiendelei mpaka imesikika. Laiti mazungumzo ya mume na mke yangefuata utaratibu huo!

Nyumbani mambo yalikuwa vuta nikuvute. Kijana yumo katikati ya kupokea faili, mama jikoni anainua simu ampigie dada yake. Masikioni anapata makelele matupu, na kijana anapoteza kazi ya nusu saa. Aliyepigia ubao wa mji wa mbali alileta bili ya kumtoa baba jasho. Hapo hapakuwa na njia ila kukaa pamoja na kupangiana saa.

Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alianzisha FidoNet, iliyowezesha mbao hizo kupigiana zenyewe usiku, wakati simu ni nafuu, na kupokezana barua mji hadi mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia hiyo ilifika hata Nairobi, ikatumiwa na mashirika yasiyo ya serikali. Kisha intaneti ikaenea, na mbao nyingi zikafungwa.

Walioishi siku hizo huikumbuka kwa hamu hata kelele ya modemu. Sisi tunachokitamani ni kingine: waya mmoja uliilazimisha nyumba kuzungumza. Mama alijua nani yuko kwenye simu, na kwa muda gani, kwa sababu naye aliihitaji. Leo kila mmoja ana simu yake na mlango wake. Hakuna anayemsumbua mwenziwe, basi hakuna anayeuliza.

Hatusemi kufuli lirudi. Watoto wajanja walilizunguka kwa kugongagonga kitufe cha kukatia simu hadi namba ikaingia! Kinachofaa kurudi ni makubaliano. Chagueni saa moja ya jioni ambayo simu zote zitakaa mezani, ya baba na ya mama zikiwa za kwanza. Muulize mwanao leo amezungumza na nani, nawe umwambie wako. Akijibu neno moja, usikate tamaa. Rudia kesho, kipande kwa kipande. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hadi mwezi ujao.