PROBU YA RAHISI NA ROHO YA FUNDI

Ndugu Wafanya Kazi,

Sisi mafundi wa reli tukaao huku Timbwani tumechoka kusikia neno moja katika karakana: "Probu ni probu, tumia iliyopo." Neno hili si kweli, nasi twalikataa.

Osiloskopu za zamani, zile za valvu, bado zaletwa kutengenezwa. Tazameni Tektronix 545 ya miaka ya 1950. Kioo chake cha picha hutumia volti 10,000. Probu ya kawaida ya kugawa kwa 10 mara nyingi mwisho wake ni volti 600. Waya za mita njema huishia volti 1,000. Basi fundi apime kwa nini? Kwa roho yake?

Wengine husema, "Zima mashine kwanza." Kapasita haijui kuwa umezima, huweza kushika umeme wake baadaye.

Twataka probu ya volti nyingi, nayo ichaguliwe kwa akili. Kwanza, kiwango chake kipite volti za mashine; ya volti 40,000 yatosha sana. Pili, ukinzani wake uwe mkubwa, kama megaomu 1,000, kwani probu inywayo umeme mwingi hushusha volti zinazopimwa na kutoa jibu la uongo. Tatu, ilingane na mita. Probu iliyopangiwa mita ya megaomu 10, ukiitia katika mita ya megaomu 1, huonyesha karibu nusu tu. Fundi asoma 5,000, kumbe mbele yake ni 10,000! Nne, iwe na waya wa ardhi, nao ufungwe kabla ncha haijagusa kitu. Tena ifutwe na kukaushwa kila mara, maana chumvi ya bahari yetu hupitisha umeme juu ya ganda mpaka mkononi. Wala isipelekwe kupima nyaya kubwa za umeme. Hiyo si kazi yake.

Watasema ni ghali. Je, maziko ni rahisi? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanya kazi wake. Hatuombi zawadi, twadai haki.

Ndugu, asiyepewa probu ya kufaa asifungue mashine. Akilazimishwa, alete habari chamani siku ile ile. Mmoja akikataa huitwa mkaidi. Tukikataa sote watanunua.