Boyka hakufungua mlango wa Munzenze

Hapa Masisi na Walikale, penye jenereta na televisheni hakukosi filimu ya Boyka. Inatoka Goma ndani ya flashi, inapita kwa motari, inafika hadi kwenye machimbo. Vijana wanajua kila teke lake, na wakitoka nje wanalijaribu kwenye vumbi. Mimi sina neno na mateke. Neno langu ni juu ya gereza linaloonyeshwa mle ndani, maana vijana wetu wameanza kuamini kwamba boloko ni mahali pa kupimia uanaume. Uongo huo unatugharimu sisi kuliko unavyowagharimu waliotengeneza filimu.

Kwa baba na mama ambao hawajaziona, nieleze kwa kifupi. Filimu hizo zinaitwa Undisputed. Ya kwanza ilitoka mwaka 2002, wakiwemo Wesley Snipes na Ving Rhames. Yuri Boyka, mfungwa wa Urusi anayechezwa na Mwingereza Scott Adkins, aliingia katika ile ya 2006, akarudi 2010 na 2016. Inayopendwa sana ni ya 2010. Wafungwa wa nchi mbalimbali wanakusanywa katika gereza moja la Georgia wapigane. Atakayeshinda ameahidiwa uhuru. Anayeshindwa anapelekwa pembeni na kupigwa risasi. Boyka anaingia na goti bovu, anawamaliza wote, na mwishoni yuko nje, anacheka.

Kijana anatoka pale na somo moja: mwenye nguvu hutoka. Sasa tuulizane, wapi katika nchi hii mfungwa alitoka kwa ngumi zake?

Tuanze na Beni. Juni 2017 gereza la Kangbayi lilishambuliwa, watu 11 wakauawa, wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka. Oktoba 2020 likashambuliwa tena, wakatoroka zaidi ya 1,300. Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, kule Butembo, wakaondoka zaidi ya 800. Milango yote hiyo ilifunguliwa na watu wenye bunduki waliotoka nje. Hakuna teke lililofungua hata kufuli moja.

Twende Kinshasa. Gereza la Makala lilijengwa kwa watu 1,500, nao walikuwa wamejazana humo zaidi ya 10,000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 walijaribu kutoroka. Serikali yenyewe ilitangaza vifo 129. Watu 24 walikufa kwa risasi. Wengine wengi walikufa kwa kusongamana na kukosa hewa. Humo bila shaka walikuwemo vijana wenye vifua kama cha Boyka. Kifua hakisaidii kitu mahali ambapo hata pumzi haipatikani.

Halafu turudi nyumbani, Goma. Tarehe 27 Januari 2025, M23 walipokuwa wanaingia mjini, gereza la Munzenze lilivunjika. Lilijengwa kwa watu wasiofika 500, na siku hiyo lilikuwa na watu wapatao 4,000. Wanaume walitoka. Umoja wa Mataifa ulisema kwamba zaidi ya wanawake 100 waliokuwa wamefungwa humo walibakwa na wafungwa wa kiume waliokuwa wanatoroka, kisha sehemu ya wanawake ikawaka moto, na wengi wao wakafia humo. Watoto waliokuwa na mama zao nao waliungua.

Ndugu msomaji, siku ile wenye nguvu walikuwa huru kwa muda wa asubuhi moja, na hivyo ndivyo walivyotumia nguvu zao. Filimu ya Boyka ni hadithi ya wanaume kwa wanaume, wawili wawili ulingoni, mwamuzi katikati. Boloko letu halina mwamuzi. Nguvu ikiachwa ifanye itakalo, inamwendea aliye dhaifu kuliko wote: mama aliyefungwa kwa deni, msichana anayengoja dosie yake, mtoto aliye mgongoni.

Wenye nyumba za video watasema: mwandishi, huo ni mchezo tu, watu wanataka kusahau vita. Nawaelewa, na siombi mtu afungiwe mlango wake. Tena nakubali kwamba katika jambo moja filimu hii inasema kweli. Mkuu wa gereza lile anawauza wafungwa, wakubwa wanacheza kamari juu ya damu yao, na mashindano yenyewe yamepangwa. Hilo tunalijua. Katika magereza mengi ya Kongo mgeni akiingia anapokelewa na kapita, naye ni mfungwa kama yeye, na bila franga halali mahali pazuri. Chakula ni vungule, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na siku nyingine hata hayo hayapo. Asiye na ndugu wa kumletea chakula anakonda mpaka anaisha. Hapo ndipo ningependa vijana waangalie, kwenye biashara ile inayofanyika nyuma ya ulingo. Lakini teke likirushwa, biashara inasahaulika.

Kuna jambo lingine, na sisi wa Walikale hatuna ruhusa ya kulisahau. Boyka ni muuaji. Filimu inamsafisha kwa jasho mpaka tunampigia makofi. Sisi tumewaona wauaji wasio na mtu wa kuwachezea. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji vya njia ya Luvungi, watu zaidi ya 300 walibakwa na watu wenye silaha. Mmoja wa wakubwa wa makundi yale, Ntabo Ntaberi Sheka, alijisalimisha Julai 2017. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Ilichukua miaka kumi. Waliokwenda kutoa ushahidi walikwenda na woga, na walirudi wakiamini kwamba mlango ule utabaki umefungwa.

Kwao gereza ni ahadi waliyopewa na nchi. Kila gereza linapovunjwa, ahadi hiyo inavunjwa pamoja nalo, na shahidi anaanza kulala porini. Kwa hiyo kijana anayeshangilia Boyka akitoroka, ajiulize angeshangilia namna gani kama anayetoroka ndiye aliyechoma kijiji cha mama yake.

Na kinyume chake ni kweli vilevile. Humo humo ndani yumo aliyeiba mbuzi, yumo aliyegombana juu ya mpaka wa shamba, yumo aliyekosa franga za kumpa polisi. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inasema mtu asikae kwa polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa kwa mwenye mamlaka ya sheria. Inasema pia mfungwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake na heshima yake. Mlango wa mtu kama huyo unafunguliwa na hakimu anayesoma dosie. Hiyo haipendezi kwenye televisheni, lakini ndiyo inayomrudisha baba nyumbani.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, mashirika ya raia katika kila grupema yaulize kila wiki: kasho letu lina nani, tangu lini, kwa kosa gani? Majina yaandikwe. Pili, wanawake wawe na mlango wao wa kutokea na mlinzi wa kike mwenye ufunguo, ili hata vita vikija wasibaki ndani. Tatu, anayeshika kufuli ajibu kwa walio ndani yake. Awe ni serikali, awe ni M23, awe ni kundi la Wazalendo, kila mwenye kufungia watu ana deni la chakula, hewa na hakimu. Wote wanapenda kutuonyesha nguvu. Hatujaona bado anayetuonyesha daftari.

Na nyinyi wenye nyumba za video, mkitaka, endeleeni kuonyesha Boyka. Ila ile ya 2016 msiikate kabla ya mwisho, kama wengi wanavyofanya mafuta ya jenereta yakipungua. Waacheni vijana waone anakomalizia bingwa wao baada ya mateke yote yale: amerudi gerezani.